Tope, kinamasi, kinamo au tingatinga: uandike lipi kwenye ripoti ya barabara?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja, karani wa kamati ya barabara kwenye kijiji kilichopo bonde la Lukuledi huku Lindi, nalifupisha maana lilikuwa refu. Anasema kipande cha barabara kinachowatoa kijijini mpaka kwenye lami hakipitiki kabisa kifuku, yaani msimu wa mvua, kikikolea, wameambiwa waandike ripoti ipelekwe TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, yeye akaandika "barabara ina matope". Mzee mmoja wa kamati akakataa, pale siyo matope pale ni kinamasi. Fundi ujenzi naye akadakia hakuna kinamasi hapo, ule ni udongo wa kinamo tu umelowa. Kufika nyumbani bibi yake akacheka, akasema enzi zao pale palikuwa panaitwa tingatinga. Anauliza nani yuko sahihi, na je maneno haya yana tofauti kweli au watu wanapenda tu kubishana.

Dada yangu, kubishana wanapenda, na tofauti ipo. Ila kwa ulivyoeleza mi naona wote wanne mko sahihi, kwasababu kila mtu hapo alikuwa anajibu swali lake kichwani. Wewe umetaja kile kitu kilicholala juu ya barabara, mzee ametaja mahali, fundi ametaja tabia ya udongo wenyewe, na bibi ametaja pale panavyokufanya ukipakanyaga. Nimekuwa bwana shamba kwa miaka mingi kati ya Nachingwea na Mtwara na kazi yangu kubwa ilikuwa udongo, na nilichokiona ni kwamba Kiswahili hakipangi matope kwa wingi wa maji peke yake, kinapanga kwa kuangalia tope limekufanya nini: limekushika mguu, limekuangusha, limekumeza, au limekubali kukaa umbo unalolipa. Ukilishika hilo ugomvi wenu unaisha, na ripoti yako itakuwa ya maana zaidi kwasababu kila neno hapo lina dawa yake na gharama yake, nitafika huko.

Tuanze na tope. Tope ni udongo wowote uliokunywa maji mpaka umeshindwa kujibeba, uwe wa kichanga, uwe mfinyanzi, uwe mweusi au mwekundu, haijalishi. Ndo maana fundi akikuuliza "matope gani?" usikasirike, neno lenyewe halijasema bado ni udongo wa aina gani, limesema tu umelegea. Matope ndo tunayosema kila siku, lakini tope kwa umoja lipo na lina kazi yake, ukisema "gari limeingia kwenye tope" msikilizaji anaona tope moja, lina mwanzo na mwisho, unaweza kulizunguka. Ukisema "barabara ina matope" hujamwambia mtu kama ni hatua tano au kilometa tano. Na neno hili la siku nyingi sana, siyo la pwani peke yake, Wachewa wa Malawi wanasema matope hivohivo na Washona kule Zimbabwe nao matope, yaani ukifika huko na bodaboda yako imekwama utaeleweka bila mkalimani.

Halafu kuna kitenzi chake ambacho watu wa mjini wanakisahau, kutopea. Kutopea siyo kukwama. Gari linaweza kukwama hata kwenye mchanga mkavu, nenda Msimbati ule ufukwe ambao watu wanapita na magari, unakwama kweupe jua linawaka na tope hulioni. Kutopea ni pale ambapo kila ukijitikisa unaenda chini zaidi, ndo maana tunasema fulani ametopea kwenye madeni au kwenye ulevi, hatusemi amekwama. Kukwama unaweza kukaa ukasubiri msaada, kutopea hata kusubiri kwenyewe kunakuzamisha. Na kuna kudidimia, hiyo ni taratibu, kwa uzito wako mwenyewe, hata hujatikisika. Kwahiyo kama lori la korosho lilisimama pale jioni zima halijaguswa na asubuhi mkalikuta limeshuka mpaka kwenye ekseli, andika limedidimia, usiandike limekwama, mhandisi akisoma tu anajua chini hakuna kitu kigumu cha karibu.

Utelezi nao watu wanauita matope wakati mara nyingi siyo. Utelezi ni ngozi nyembamba ya udongo laini iliyolowa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, chini pagumu kabisa, unaanguka ila huzami. Barabara nyingi za huku juu Masasi mpaka Newala tatizo lake kabla ya lami lilikuwa hilo, na mvua ikikatika jua likatoka saa chache pikipiki zinapita. Ukitaka kuelewa kwanini juu ni hivo na chini bondeni kwenu ni vile, fikiria uwanda wa Makonde: kule juu Newala na Tandahimba udongo ni mwekundu, wa kichanga, umeenda chini sana, mvua ikinyesha maji yanapita yanazama yanapotea. Mikorosho inaupenda udongo huo lakini wenyeji miaka na miaka wamepata tabu ya maji ya kunywa, mtu anakaa juu halafu anashuka mteremko mzima kwenda bondeni kuchota. Maji yaliyokataa kukaa juu yanakaa chini, na yakishuka yanashuka na ule unga laini wa udongo, mchanga unabaki njiani kwasababu mzito, laini ndo unafika bondeni na kutulia. Kwahiyo tope la bondeni siyo tope la juu lililoongezewa maji, ni udongo mwingine kabisa.

Hili jambo lina historia nzuri. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja Mwingereza, Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni usisomwe mmojammoja, usomwe pamoja, kutoka juu mpaka chini, sababu unabadilika kwa mpangilio uleule kila mlima na kila bonde. Wazo hilo likaenda dunia nzima, linafundishwa mpaka leo. Na ule udongo mweusi mzito wa chini kabisa, unaolowa wote kifuku na kupasuka kiangazi, yeye na wenzake waliuita kwa jina letu, mbuga. Siku hizi ukisema mbuga mtu anawaza simba na watalii, lakini mkulima mtu mzima ukimwambia shamba liko mbugani anajua unamwambia habari ya udongo: jembe halitoki, kiatu kinabaki, na kiangazi nyufa zinapitisha mkono. Usidanganywe na weusi wake pia, watu wanadhani weusi ni mbolea, hapana, mbuga inaweza kuwa nyeusi tii na mboji yake ikawa kidogo tu. Kinachoisumbua barabara ni kwamba udongo huo unavimba ukilowa na unasinyaa ukikauka, ukijenga juu yake unapandisha na kushusha kila mwaka mpaka lami inachanika na ukuta unapata ufa wa mshazari. Nyumba ngapi tumeziona watu wanalaumu fundi kaiba sementi, kumbe chini kuna mbuga.

Sasa kinamo, neno la fundi wenu. Hapa nataka kukaa kidogo kwasababu ndo penye utamu. Kinamo siyo jina la udongo, ni jina la uwezo: ule uwezo wa udongo kunata, kukunjika bila kupasuka, na kukaa vile ulivyouacha. Udongo wa kinamo ni udongo wenye uwezo huo kwa wingi, na kwa kawaida unakuwa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, jicho halizioni, ni vijikaratasi vya kupita kiasi kwa udogo, vimelaliana na maji yako katikati yake yanavifanya viteleze vikiwa bado vimeshikana. Mchanga hauna habari hiyo. Mchanga ukilowa unashikana kidogo, ukiuzidishia maji unamwagika.

Mkemia mmoja wa Sweden, Albert Atterberg, mwaka 1911 alikaa akapima: udongo mkavu ukiuongezea maji kidogokidogo kuna mahali unaacha kumeguka na kuanza kufinyangika, na kuna mahali mbele yake unaacha kufinyangika na kuanza kutiririka. Maabara zote za barabara mpaka leo zinapima mipaka yake hiyo, ule wa kwanza unapimwa kwa kuviringisha udongo juu ya kioo mpaka uwe kamba ya unene wa milimita 3 hivi, ukianza kukatikakatika pale ndo mpaka. Kwahiyo kinamo ni eneo lililopo kati ya mipaka miwili, chini yake una dongo au donge, juu yake una rojo. Mi nikisoma habari za Atterberg nacheka mwenyewe, maana bibi yoyote mfinyanzi wa Kimakonde anavijua hivo vituo vitatu kwa vidole tu, na majina yake anayo, dongo likivunjika anaongeza maji, likiwa rojo analianika, katikati hapo ndo anafanya kazi.

Na kina mama hao wa Kimakonde na Kimakua ndo wataalamu wa mwanzo wa hili jambo huku kwetu. Ukimwangalia mfinyanzi akichagua udongo hachukui ule wenye kinamo kikali kabisa hivihivi, anajua chungu kitapasuka wakati wa kukauka, kwahiyo anauchanganya na mchanga au vigae vilivyotwangwa, anaupunguza ukali. Akimaliza anaanika kivulini siku kadhaa, halafu moto wa wazi, kuni na nyasi. Kwenye moto ule, joto likipita nyuzi 500 na kitu hivi, yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe za mfinyanzi yanatoka, na hayo yakishatoka udongo haurudi tena kuwa tope hata uuloweke mwaka mzima. Tofali bichi ukiliacha mvuani linarudi lilikotoka, tofali la kuchoma halirudi. Msemo wa wazee, udongo uwahi ungali maji, wengi siku hizi wanautumia kwa malezi ya watoto lakini asili yake ni karakana, ukichelewa donge linapita ule mpaka wa chini na hapo huwezi kulikunja tena bila kulivunja.

Kwenye ujenzi ni vilevile. Nyumba ya fito ina hatua mbili za tope na kila moja ina neno lake, kwanza unakandika, hapo unajaza tope zito kati ya fito kwa kulibamiza, linatakiwa liwe na mchanga wa kutosha lisipasuke, limekandwa kwa miguu mpaka likaiva. Likikauka unasiriba, tope laini lililochujwa, la kupaka kwa kiganja kuziba nyufa na kulainisha. Fundi akikwambia "tope la kusiriba" na "tope la kukandika" anaongelea vitu viwili, ukimpelekea la kwanza badala ya la pili ukuta wote utachanika. Hapo ndo fundi wenu alipotoka na neno lake, yeye anaupima udongo wa barabara kwa jicho la mtu anayetaka kujengea, na kwa jicho hilo udongo ule ni mzuri tu!

Kinamasi. Hili lina uso mbili. Wapishi wanalijua kwanza, bamia ina kinamasi, mlenda una kinamasi, ule utelezi wa kuvutika. Halafu ndo kinamasi cha ardhini, mahali ambapo maji yamekaa kiasi kwamba udongo umekuwa na ute, umeoza na majani, una matete na mafunjo, na vyura. La muhimu kwa ripoti yako ni kwamba kinamasi ni mahali, siyo kitu. Huwezi kufagia kinamasi ukakitoa barabarani, barabara ndo imeingia kwake. Serikali na mashirika wana neno lao la kisomi, ardhioevu, hilo limebeba zaidi, linachukua vinamasi, mikoko, maziwa, mabonde ya mafuriko, yote. Huku kwetu eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya dunia ya ardhioevu muhimu chini ya ule mkataba uliosainiwa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Na mwaka huohuo wa 2004 ndo ikapita Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ile inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bahari. Nasema hivi kwasababu ukiandika "kinamasi" kwenye karatasi rasmi siyo neno jepesi, afisa mazingira anaweza kuja kuangalia kabla ya greda, na akija ni haki yake.

Unajuaje kama mzee yuko sahihi kuwa pale ni kinamasi na siyo tope la msimu? Usiende wakati wa mvua, wakati wa mvua kila mahali panafanana. Nenda mwezi wa nane au wa tisa, chimba shimo pembeni ya barabara mpaka magotini au zaidi kidogo, angalia rangi. Udongo unaopata hewa una kutu, ni chuma hicho, ndo wekundu na manjano unayoona. Ukikaa ndani ya maji muda mrefu hewa inaisha, kile chuma kinabadilika na kuyeyuka, udongo unabaki wa kijivu, wakati mwingine na ukijanikijani. Ukikuta kijivu chenye madoa ya kutu, hapo maji yanakaa miezi kadhaa halafu yanaondoka. Ukikuta kijivu kitupu bila doa, maji yapo karibu mwaka mzima hata kama juu pamekauka na watu wanacheza mpira. Hili halidanganyi, mtu anaweza kukuuzia kiwanja kiangazi akaapa pakavu, chimba shimo.

Na bibi yako je? Tingatinga. Dada, mshikilie huyo bibi umwulize maneno mengine, maana vijana wote ukiwaambia tingatinga wanajua ni trekta au lile buldoza la kusukuma vifusi, na wengine wanawaza zile picha za rangi za Edward Said Tingatinga, ambaye naye ni mtu wa kusini huku, wa Tunduru. Lakini kamusi za zamani zinalo kwa maana ya bibi: ardhi ya kinamasi, bwawa la matope. Mi nilivyozoea kulisikia kwa wazee, wanalitaja wakimaanisha pale ambapo juu panaonekana pazima, nyasi zimefunika vizuri, unakanyaga panatikisika, unahisi kabisa ardhi inacheza chini. Ni kinamasi chenye mfuniko. Kwa barabara hiyo ndo mbaya kuliko zote kwasababu mtu wa mashine anadanganyika anapeleka mtambo wa tani nyingi na mtambo wenyewe unabaki. Kwahiyo bibi hajakosea na wala hajaongea ya kizamani, ametoa taarifa ambayo nyie wote watatu mlikuwa hamna, kwamba kabla barabara haijapita pale palikuwaje. Hiyo iingie kwenye ripoti.

Mengine nayapitia haraka. Dimbwi ni maji yenyewe yaliyotuama, siyo tope, ingawa chini yake lipo. Lambo ni la kuchimbwa na watu. Chepechepe na tepetepe siyo vitu, ni hali, ardhi iko chepechepe yaani imelowa ukikanyaga inatoa maji, tepetepe imelegea haina nguvu. Rojo nimeshalitaja, mafundi zege wanalitumia sana, rojo la sementi. Mashapo ni kile kinachotulia chini maji yakitulia, na mto wenu wa Lukuledi kazi yake kila kifuku ni kubeba mashapo mpaka Lindi mjini kwenye mkono wa bahari. Na mashapo yakikaa sana yanageuka mwamba, pale Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ndani ya matope yaliyogandamana yenye umri wa kama miaka milioni 150, mifupa ikabebwa na wapagazi vichwani mpaka Lindi bandarini, sasa hivi limesimama jitu zima makumbusho ya Berlin. Lile nalo lilikuwa tope.

Kuna tope moja ambalo silo la barabara yako lakini siwezi kuliacha, tope la mikoko. Watu wa bara wakifika Mikindani maji yakipwa wanashika pua wanauliza nani katupa mayai viza. Hakuna aliyetupa. Tope lile limefunikwa na maji ya chumvi mara mbili kwa siku, hewa haiingii, bakteria waliomo badala ya kutumia oksijeni wanatumia salfeti ya maji ya bahari, wanatoa gesi inayonuka vile, na ikikutana na chuma inalifanya tope kuwa jeusi. Mti wenyewe umejipanga, mkoko umesimama juu ya mizizi iliyopinda nje ya tope, mchu unachomoza vijizizi vya kuvutia hewa juu, ukitembea peku unajua habari yake. Kina mama wanaookota tondo na wanaotafuta kaa wana ujuzi wa kutembea pale ambao haufundishwi shuleni, wanakanyaga juu ya mizizi au penye majani yaliyolala, hawasimami sehemu moja, na ukitopea hawakuvuti mkono, wanakwambia ulale kidogo mbele upunguze uzito, utoe mguu kwa kuuzungusha ili hewa iingie chini ya kisigino. Kinachokushika ni kule kukosa hewa chini ya mguu, ukivuta moja kwa moja unashindana na uvutaji huo na kiatu kinabaki. Ushauri huo unafaa hata kwenye barabara yenu, kwa mtu, siyo kwa lori. Na mfinyanzi huohuo wa pwani ndo umefanya mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara yawezekane, ukishindiliwa chini haupitishi maji, jua linanywa maji na chumvi inabaki juu. Tope lililomshinda dereva ndo mtaji wa mwenye chumvi.

Haya, turudi kwenye karatasi yako. Nilisema kila neno lina dawa yake. Kama ni utelezi, inatosha tabaka la moramu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, juu na greda kupita kuweka mgongo ili maji yateremke pembeni. Kama ni matope ya msimu kwasababu maji hayana pa kwenda, hela iende kwenye mitaro na kalavati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, kwanza, ukimwaga kifusi bila mtaro kifuku kinachofuata kifusi kimechanganyika na tope na hukioni, mmepoteza. Kama ni udongo wa kinamo, na hasa mbuga, unachimbwa unatolewa unarudishiwa moramu, au unachanganywa na chokaa ambayo inaupunguza ule unataji, mitaro peke yake haitoshi. Na kama ni kinamasi au tingatinga, aidha tuta linanyanyuliwa juu na makalavati ya kutosha maji yapite chini kwa uhuru, au barabara inahamishwa ipite pembeni, na mara nyingi kuhamisha ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Wazee wa huku mnakumbuka kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kama kilometa 60, kabla ya lami abiria wa Dar walivyokuwa wanalala njiani, daraja la Mkapa pale Rufiji lilishafunguliwa tangu 2003 lakini tope likawa limeshika mlango wa kusini miaka mingine mingi. Na hata na lami, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara hiyohiyo ikakatika maeneo ya Kilwa, siyo kwa tope, kwa maji yaliyokosa njia ya kutosha chini ya tuta. Kwahiyo ukubwa wa kalavati usiuonee aibu kuuandika.

Kabla hujaandika fanya jaribio la mkono, halihitaji maabara. Chota udongo wa pale, toa mawe na mizizi, ongeza maji taratibu huku unaukanda kama unga wa chapati mpaka uache kushika vidole. Halafu uminye kati ya kidole gumba na cha shahada uwe utepe unaoning'inia. Usipotoka utepe kabisa ni kichanga. Ukikatika kabla ya sentimeta 2.5 hivi ni tifutifu, ukifika 5 una mfinyanzi wa kutosha, ukipita 5 bila kukatika fundi wenu ameshinda, ni kinamo. Fanya sehemu tatu nne tofauti za kile kipande maana udongo haufanani kote, na uandike kila sehemu iko wapi, karibu na mti gani au nyumba ipi.

Halafu sentensi yako isiwe "barabara ina matope". Iwe hivi, ubadilishe kulingana na ulichokikuta: "Kipande cha urefu wa mita kadhaa kuanzia daraja dogo mpaka mwembe mkubwa kimepita bondeni penye kinamasi, wenyeji wa zamani walipaita tingatinga. Udongo ni wa kinamo, mweusi juu, wa kijivu wenye madoa ya kutu chini ya sentimeta kadhaa. Kuanzia Januari mpaka Aprili magari yanatopea, yaliyosimama yanadidimia. Hakuna mtaro wala kalavati." Hapo mzee yumo, fundi yumo, bibi yumo, na wewe umo. Pima hizo mita kwa kamba, siyo kwa kukisia, na kama una simu ya picha piga lile shimo lako kabla halijafukiwa, weka na jembe pembeni ili kina kionekane.